Yoga ya joto inanishinda: sina nidhamu, au mwili unakataa?

SWALI

Shikamoo mshauri,

Nina miaka 31, mzaliwa wa Kisauni, nafanya kazi ya uhasibu Nairobi. Ugonjwa wangu ni kuanza vitu na kuviacha njiani. Chama nimejitoa mara mbili, daftari la matumizi liliishia ukurasa wa tatu, na karatasi mbili za mtihani wa uhasibu wa CPA zilizobaki nimekuwa nikiziahirisha tangu mwaka juzi. Kazini nikiombwa kubaki jioni sijui kusema hapana, na kwa jamaa zangu ni hivyo hivyo.

Mwenzangu akanishauri yoga ya joto. Anasema ndiyo iliyomfunza kujitawala, na kweli namwona amebadilika. Nikalipia masomo 20. Wiki tano zimepita, nimekwenda mara nne. Chumba kina nyuzi 40, somo ni dakika 90, linaanza saa kumi na mbili na nusu jioni. Siku ya kwanza nilijikaza hadi mkao wa ngamia, ule wa kupiga magoti na kujipinda nyuma, nikaona nyota, kichefuchefu kikanipanda, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mwalimu akanifuata na kuniambia, kwa sauti waliyoisikia wenzangu, kwamba mwili wangu hauna neno, akili ndiyo dhaifu, na kwamba darasani kwake mtu hatoki kabla ya mwisho. Juzi, mara ya nne, ikawa vilevile, na kichwa kikaniuma hadi asubuhi.

Siku ya darasa sili kitu baada ya chai ya saa nne asubuhi ili niwe mwepesi, kisha namaliza chupa ya maji ya lita moja nikiwa navua viatu mlangoni. Nina mzio wa vumbi, kwa hiyo huwa nameza Piriton. Ugonjwa mwingine sina ninaoujua. Uzito wangu ni kilo 68.

Masomo 16 yamebaki, na muda wake unaisha baada ya wiki nane, karibu na mtihani wa Desemba ambao safari hii nimejiandikisha. Mama naye ananiambia niachane na ibada ya Wahindi. Niendelee? Na ni kweli joto linajenga nidhamu, au nimenunua mateso kwa pesa zangu?

Aliyechoka kuanza upya, Nairobi

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kilichokuangusha kwenye ngamia ni njaa, nayo ilikuwa na wasaidizi. Kutoka chai ya saa nne asubuhi hadi darasa la saa kumi na mbili na nusu ni saa nane na nusu tumbo likiwa tupu. Juu ya utupu huo ukamimina lita nzima kwa dakika chache. Tumbo haliwezi kuipitisha yote kwa mpigo, kwa hiyo ulipojipinda nyuma maji yalikuwa bado yanacheza ndani. Piriton nayo ni ya kizazi cha zamani cha dawa za mzio: huleta usingizi, hukausha kinywa, na inaweza kupunguza jasho, na jasho ndilo feni pekee uliyo nayo mle chumbani. Muulize mfamasia kuhusu cetirizine au loratadine, ambazo tabia hiyo kwao ni ndogo. Usibadilishe kwa kukisia.

Kisha kuna namna mwili unavyojipoza. Joto likipanda, mishipa ya ngozini hutanuka na damu nyingi huelekea huko kwenda kutoa moto. Inayobaki ya kupeleka kichwani ni kidogo, na kila jasho linavyotoka ndivyo inavyozidi kupungua. Ngamia ni zoezi la 22 katika mfululizo wa mazoezi 26 ya yoga ya joto, kwa hiyo likifika umeshalowa kwa zaidi ya saa nzima. Unapiga magoti, unaangusha kichwa nyuma, unabana pumzi kwa woga, halafu unanyanyuka ghafla. Presha inashuka. Hata walii angeona nyota.

Ngamia ufanye hivi. Magoti yaachane kama inchi sita. Viganja viweke nyuma ya kiuno, vidole vikielekea chini. Sukuma nyonga mbele kwanza, ndipo kifua kinyanyuke, ndipo shingo ifuate, macho wazi muda wote. Pumzi ikikwama jua umepita kipimo. Rudi nusu ya njia. Kwa wiki mbili za mwanzo mikono isishuke kwenye visigino, ibaki hapo kiunoni. Wakati wa kurudi, kifua kitangulie na kichwa kiwe cha mwisho, kisha kaa juu ya visigino kwa pumzi tatu kabla ya kulala. Kuna walimu watakaokuambia kwamba machozi na mapigo ya moyo kwenye ngamia ni mafundo ya roho yanafunguka. Huenda. Mara nyingi zaidi ni presha.

Sasa tuje kwenye mara nne ndani ya wiki tano. Mwili huzoea joto kwa kurudiarudia. Mtu akifanya mazoezi kwenye joto karibu kila siku, ndani ya wiki moja hadi mbili maji ya damu yake huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na likiwa na chumvi kidogo kuliko awali, na moyo haukimbii kama mwanzo. Akiacha, mazoea hayo huyeyuka katika wiki chache. Wewe kila ulipokwenda ulikuwa mgeni. Ndiyo maana siku ya nne ilifanana na ya kwanza. Mwenzako unayemwona mkakamavu hana roho ya chuma. Ana maji mengi zaidi kwenye damu.

Na hapo hasa ndipo yoga ya joto inapofaa kama somo la nidhamu. Daftari la matumizi unaweza kulidanganya mwezi mzima. Chumba cha nyuzi 40 hakidanganyiki: ukikosa siku kumi, deni unalilipa kwenye mkao wa tatu.

Kwa hiyo masomo 16 usiyagawe mawili mawili kwa wiki nane. Wiki mbili za kwanza nenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, hayo ni sita. Wiki nne zinazofuata, mara mbili kwa wiki, nane. Wiki mbili za mwisho, karibu na mtihani, mara moja moja. Kila mkao hufanywa mara mbili, nawe kwa masomo matatu ya kwanza fanya mara ya kwanza tu. Ya pili, simama tuli au kaa kwenye mkeka wako. Somo la nne hadi la sita ongeza mara ya pili kwenye mikao ya kusimama, ya chini uiache moja moja. Tandika safu ya nyuma, karibu na mlango na mbali na kipasha joto. Watu hudhani mbele ndiko kwa wenye bidii, kumbe mgeni akikaa nyuma huona namna wengine wanavyoingia na kutoka kwenye mkao.

Chakula: cha mchana ule saa saba kama kawaida. Saa kumi kula ndizi mbili au kiazi kitamu, basi. Bajia na chapati za mafuta ziache kwa siku nyingine. Maji yanywe tangu asubuhi kidogo kidogo, kisha glasi mbili mnamo saa kumi na nusu. Mlangoni usinywe tena isipokuwa funda moja la kulowesha koo. Darasani kunywa mafunda, hasa baada ya mkao wa tai, ambapo kwa kawaida pana nafasi ya maji, na baada ya kulala ule mlalo wa katikati.

Jipime uzito kabla na baada, umevaa kidogo na umejikausha. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Ukipungua kilo 1.2, jioni hiyo rudisha kati ya lita 1.5 na 1.8 polepole, pamoja na chakula chenye chumvi. Kwa uzito wako, upungufu ukizidi kilo 1.4 hivi, ambayo ni asilimia 2, hukunywa ya kutosha. Ukikuta umeongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi, na hilo ni baya kuliko kiu: maji matupu mengi huzimua chumvi ya damu na kuleta maumivu ya kichwa, matapishi, hata kuchanganyikiwa. Maumivu yako ya kichwa ya usiku yanaweza kuwa yametoka upande wowote kati ya hizo mbili, ndiyo maana nataka mizani. Pakiti ya ORS inatosha. Ukikosa, changanya maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai sita vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko. Wewe wa pwani utaniambia kuhusu dafu. Dafu ni zuri na lina potasiamu nyingi, lakini kinachotoka na jasho kwa wingi ni sodiamu, nayo kwenye dafu ni kidogo. Linywe pamoja na mhogo wa kukaanga wenye chumvi na mambo yatakaa sawa.

Umeuliza kama joto lenyewe linajenga nidhamu. Joto linajenga jasho. Nidhamu iko kwenye mambo madogo ambayo joto linakushawishi kuyavunja, na nitakuonyesha mawili.

La kwanza ni jasho la usoni. Kati ya mkao na mkao kuna sekunde chache za kusimama tuli. Tone linateremka kutoka kwenye nyusi, linawasha, na mkono unanyanyuka wenyewe kulipangusa. Acha lishuke. Hakuna atakayekupa zawadi kwa hilo, na ngozi yako haitadhurika. Jicho likichoma ndipo ufute. Unachojifunza ni ile nafasi iliyopo kati ya kuwashwa na kujikuna. Ndiyo nafasi hiyohiyo iliyopo kati ya simu kulia na wewe kuishika ukiwa na kitabu cha kodi mbele yako.

La pili ni mkao wa kusimama mguu mmoja na kupeleka kichwa gotini. Una hatua nne. Kwanza, unashika unyayo wa mguu ulioinuliwa kwa vidole vilivyofumbatana, mguu uliosimamia ukiwa umenyooka. Pili, unaunyoosha ule ulioshikwa mbele hadi uwe sambamba na sakafu. Tatu, unakunja viwiko vishuke chini ya shavu la mguu. Nne, paji la uso linagusa goti. Mara ya kwanza hushikiliwa kama dakika moja kila mguu, ya pili nusu dakika. Chungulia kwenye kioo utaona nusu ya darasa wameruka hadi hatua ya nne huku goti walilosimamia limepinda. Mwalimu akisema “funga goti” hamaanishi ulisukume nyuma hadi kiungo kilalamike. Kaza msuli wa mbele ya paja hadi kilegesambwa, ule mfupa wa mbele ya goti, kipande juu. Uzito ugawanye sawa kati ya kisigino na vidole. Kama hilo hulimudu kwa dakika nzima, basi hatua ya kwanza ndiyo mkao wako, iwe kwa mwezi au kwa mwaka. Kubaki hapo wakati jirani yako anainama ni kazi ngumu kuliko kuinama kwenyewe.

Kuna sababu ya kimwili pia. Joto hukufanya ujihisi laini kuliko ulivyo, ukavuta zaidi ya uwezo wa kano. Ukianza kuhisi maumivu ya ndani chini ya tako, pale mfupa unapokalia kiti, umevuta mno misuli ya nyuma ya paja mahali inaposhikia mfupa. Kunja magoti kidogo kwenye mikao yote ya kuinama mbele na usitafute kunyooka tena hadi yaishe, na hayaishi upesi.

Nije kwa mwalimu wako. Hiyo sheria ya kutotoka ni urithi. Mfululizo huu wa 26 ulienezwa Marekani kuanzia miaka ya 1970 na Bikram Choudhury, mzaliwa wa Kolkata, aliyejijengea jina Los Angeles kwa chumba cha nyuzi 40 na nusu na kwa ukali wa maneno. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kuwa mfululizo wa mikao haumilikiwi na mtu kama kitabu. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama Los Angeles likamwamuru amlipe aliyekuwa mwanasheria wake mamilioni ya dola katika kesi ya kumnyanyasa kijinsia na kumfukuza kazi. Studio nyingi zikalifuta jina lake mlangoni. Mikao ikabaki, na mahali pengine ukali nao ukabaki. Kumtii mtu anayekuzuia kutoka unapoona giza ni woga uliovishwa mkeka. Wewe uliyetoka ukaenda kukaa kwenye ngazi ndiye uliyefanya jambo la busara jioni ile, ingawa ungeanza kwa kupiga magoti mapema zaidi.

Kipimo chako kiwe pua. Ukiweza kupumua kwa pua, endelea. Mdomo ukifunguka na kuhema, piga magoti au lala hadi pua irudi, kisha jiunge na mkao unaofuata. Ila ukipata baridi au vipele vya baridi katikati ya joto, kichwa kikipiga nyundo, ukitapika au ukishindwa kufuata maneno mepesi, toka, na umwombe mtu akusindikize. Mtu aliyechanganyikiwa kwenye joto anaweza kuwa na kiharusi cha joto hata kama bado anatoka jasho. Huyo hamwagiwi mawaidha, anamwagiwa maji, anapepewa na gari la wagonjwa linaitwa.

Jumatatu fika dakika 15 mapema umwambie mwalimu hivi: “Wiki hizi mbili nafanya kila mkao mara moja tu, na nikizidiwa nitatoka kimya na kurudi.” Usieleze zaidi, usiombe radhi. Kwa mtu asiyejua kusema hapana, sentensi hiyo ina uzito kuliko ngamia. Akikubali, umepata mahali pa kujifunzia. Akikataa, omba uhamishiwe kwa mwalimu mwingine au urudishiwe fedha.

Jua pia kwamba ukiamua joto halikufai hutapoteza kikubwa. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Stacy Hunter wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Texas walilinganisha watu waliofanya mfululizo huuhuu kwa wiki 12, baadhi katika nyuzi 40.5 na wengine katika nyuzi 23. Mishipa ya damu ilinufaika kwa makundi yote mawili. Anayekuambia jasho linatoa sumu mwilini, mwambie kazi hiyo ina wenyewe, ini na figo. Wajawazito, wenye selimundu, wenye ugonjwa wa moyo na wanaotumia dawa za presha au za kukojoza wasiingie mle bila daktari kuruhusu. Mwenye homa, awe na malaria au mafua tu, asiingie kabisa. Ukiwa umefunga, subiri saa mbili tatu baada ya futari.

Kuhusu CPA, nidhamu ya chumbani haihami yenyewe kwenda mezani. Lazima uibebe. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango wenye “likitokea hili, nitafanya lile” hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Basi andika: “Jumanne na Alhamisi, nikivua viatu vya kazini, nafungua kitabu dakika 25 kabla ya kushika simu.” Viatu ndiyo kengele. Ukiikosa siku moja usitangaze msiba. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake London, uliochapishwa 2010, ulikuta mazoea huchukua wastani wa siku 66 kukomaa, kwa wengine 18 na kwa wengine zaidi ya 200, na kukosa siku moja hakukuyaharibu. Daftari lako la matumizi naamini halikufa kwa sababu ulikosa siku. Ulikosa siku, ukaona aibu kulifungua.

Mama usibishane naye. Mwambie ni mazoezi ya viungo, na pale darasani wakiimba au wakifumbatisha mikono kwa maneno usiyoyataka, wewe kaa kimya. Kama unajistiri, vaa kitambaa chepesi kisichobana shingo, maana jasho lisipokauka halipozi.

Na Jumatatu beba taulo mbili, moja ya kutandika juu ya mkeka usiteleze, nyingine ya kuogea. Pia fulana kavu ya kurudia, kwani matatu za Nairobi saa mbili na nusu usiku zina upepo na wewe utakuwa umelowa.